Mhalifu Asiye na Uso: Fantomas ya 1920 na Uhakiki wa Kazi Iliyopotea

1. Utangulizi

Mhakiki wa fasihi amezoea kufanya kazi yake akiwa na matini mbele yake. Hata anapozozana na wenzake kuhusu maana ya kazi fulani, huwapo ukurasa ambao pande zote mbili zinaweza kuurudia na kuusoma upya. Hali huwa ngumu pale ambapo kazi yenyewe haipo tena, na kilichosalia ni jina lake, orodha ya wahusika, muhtasari wa kisa na kumbukumbu za watu ambao nao wamekwisha kufa. Je, kazi ya namna hiyo inaweza kuhakikiwa? Na ikiwa inaweza, mhakiki ana haki ya kusema nini juu yake, na anyamaze wapi?

Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kutumia mfano mmoja: filamu bubu ya mfululizo iitwayo Fantomas, iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Fox ikaanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 1920. Filamu hiyo, yenye sehemu ishirini, ilimhusu mhalifu mficha uso ambaye tayari alikuwa maarufu katika riwaya na filamu za Ufaransa. Leo inahesabiwa miongoni mwa kazi zilizopotea. Filamu za Kifaransa zilizoitangulia kwa miaka sita au saba zimesalimika, zimekarabatiwa, na zinafundishwa katika vyuo vikuu kama kazi bora. Tuna basi ndugu wawili wa mzazi mmoja, mmoja yu hai na mwingine amekufa, na jambo hili linatupa nafasi adimu ya kupima mbinu zetu.

Hoja yetu ni kwamba kusalimika kwa kazi ya sanaa na ubora wake ni mambo mawili tofauti, ambayo historia ya sanaa imezoea kuyachanganya. Kazi iliyosalimika hupata wasomaji, wasomaji huleta sifa, na sifa huja kuchukuliwa kuwa ndiyo sababu ya kusalimika. Kazi iliyopotea huhukumiwa kwa muhtasari, na muhtasari, kama tutakavyoonyesha, ni shahidi mbaya.

2. Kuhusu istilahi

Kabla ya kuendelea ni vyema kufafanua istilahi tatu. Ya kwanza ni mfululizo. Tunatofautisha mfululizo na msururu. Katika msururu, kila kazi hujitosheleza: kisa huanza na kwisha, ingawa mhusika mkuu hurudi katika kazi inayofuata. Katika mfululizo, kisa ni kimoja nacho hukatwa vipande. Kila kipande huishia pale ambapo taharuki imefika kileleni, na mtazamaji hulazimika kurudi juma linalofuata ili ajue hatima ya mhusika. Tofauti hii si ya wingi wa sehemu tu. Ni tofauti ya muundo, na tutaona kwamba inaathiri hata maudhui.

Istilahi ya pili ni kinyago, na ya tatu barakoa. Kiswahili kinayatenganisha maneno haya kwa namna inayomfaa mhakiki. Kinyago ni uso wa kuchongwa unaowekwa juu ya uso wa kweli. Kazi yake ni kuonyesha, kwa maana mvaaji hugeuka kuwa kitu kingine, awe mzimu, mnyama au mzee wa kale. Barakoa, vazi ambalo wanawake wa pwani na wa nchi za Ghuba walilijua tangu zamani, kazi yake ni kusitiri. Aliyevaa barakoa hageuki kuwa mtu mwingine. Ni yeye yule, ila hatazamwi. Wahalifu wa filamu bubu hutumia vifaa vyote viwili, na mara nyingi tofauti baina ya mhalifu mmoja na mwingine ni tofauti baina ya kusitiri uso na kuvaa uso mwingine. Fantomas, kama tutakavyoona, alikuwa bingwa wa yote mawili: alijifunika kitambaa cheusi alipofanya uhalifu, na akavaa nyuso za watu wengine alipotembea mchana.

Ili kuepuka utata, tutaandika Fantômas, kwa alama ya Kifaransa, tunaporejelea riwaya na filamu za Ufaransa, na Fantomas, bila alama, tunaporejelea filamu ya Marekani.

3. Chimbuko la Kifaransa

Fantômas aliumbwa na waandishi wawili wa Paris, Pierre Souvestre na Marcel Allain. Kuanzia Februari 1911 hadi mwaka 1913 walitoa riwaya thelathini na mbili, moja kila mwezi, kwa mchapishaji Fayard. Kila kitabu kiliuzwa kwa sentimu 65, bei ambayo karani au mfanyakazi wa kiwandani aliimudu. Kasi hiyo haikuwezekana kwa kalamu peke yake. Waandishi walipanga kisa pamoja, wakagawana sura, kisha kila mmoja akaisimulia sura yake kwa mdomo kwenye mashine ya kunasia sauti, na wapiga chapa wakainukuu. Kwa hiyo riwaya hizi, ingawa ni maandishi, zilizaliwa kwa usimulizi. Marudio yake, mapengo yake ya kimantiki na mbio zake zina asili katika namna hiyo ya utunzi.

Jambo la msingi kuhusu mhusika huyu ni kwamba hana uso wala sababu. Haibi kwa kuwa ni maskini, wala haui kwa kulipa kisasi kinachoeleweka. Hatambulikani kwa sura kwa maana sura zake ni nyingi: leo ni daktari, kesho ni hakimu, keshokutwa ni mtawala wa nchi ya kigeni. Inspekta Juve anamwandama, akisaidiwa na mwandishi wa habari kijana, Fandor, na kila mara Fantômas anaponyoka. Hata kitabu cha thelathini na mbili, kilichodai kuwa ndicho mwisho wake, kiliwazamisha mhalifu na mpelelezi baharini katika meli kubwa iliyogonga siwa la barafu, mwaka mmoja tu baada ya ajali ya Titanic, na kikafichua kwamba wawili hao ni ndugu. Souvestre alifariki mwaka 1914. Allain, aliyebaki peke yake, alimfufua mhalifu huyo katika miaka ya 1920. Mwisho huo haukuwa mwisho.

Mwaka 1913 kampuni ya Gaumont ilimkabidhi Louis Feuillade kazi ya kuigeuza hadithi hii kuwa filamu. Feuillade alitengeneza filamu tano katika miaka ya 1913 na 1914, René Navarre akiigiza kama Fantômas. Hizi ni msururu, si mfululizo kwa maana tuliyoitoa hapo juu, kwa sababu kila moja ina kisa chake. Tangazo la kwanza la filamu hizo liliiga picha ya jalada la riwaya ya kwanza: mtu mrefu kuliko majengo, aliyevaa mavazi ya jioni na barakoa nyeusi, akiukanyaga mji wa Paris. Kwenye jalada la kitabu alishika jambia mkononi. Kwenye tangazo la filamu jambia liliondolewa, mkono ukabaki mtupu. Tayari hapo tunaona kwamba kuhamishwa kutoka utanzu mmoja hadi mwingine hakukosi kupunguza kitu.

4. Mfululizo wa Marekani na swali la "nani?"

Marekani ilikuwa na njia yake. Mwaka 1912 kampuni ya Edison ilitoa What Happened to Mary kwa kushirikiana na jarida la wanawake lililochapisha hadithi hiyo hiyo. Mwaka 1913 The Adventures of Kathlyn ya kampuni ya Selig ilishirikiana na gazeti la Chicago Tribune. Mwaka 1914 The Perils of Pauline ikamfanya Pearl White kuwa nyota wa dunia. Ushirikiano huu wa sinema na gazeti ni muhimu sana kwa mada yetu: tangu mwanzo, filamu ya mfululizo ya Marekani iliishi katika nyumba mbili, ukumbi wa sinema na ukurasa wa gazeti. Nyumba moja ilijengwa kwa kitu kinachoshika moto upesi, nyingine kwa karatasi.

Mhalifu mficha uso aliingia kwa kishindo katika The Exploits of Elaine, iliyoanza mwishoni mwa 1914. Adui wa Elaine alijulikana kwa jina la mkono wake tu, mkono uliokunjwa kama makucha, na uso wake ulifunikwa. Watazamaji walirudi wiki baada ya wiki wakiuliza swali moja: ni nani? Hatimaye ilidhihirika kwamba alikuwa wakili aliyeaminiwa na Elaine mwenyewe. Kielelezo hiki kilirudiwa na wengi. Katika mfululizo wa namna hii barakoa ni kitendawili, na kitendawili sharti kiteguliwe. Siku barakoa inapovuliwa, uovu hupata jina, anwani na sababu, na jamii hurudi kwenye utulivu.

Fantômas wa Kifaransa alikuwa kinyume cha hayo. Jina lake lilijulikana tangu ukurasa wa kwanza. Hakuna aliyeuliza yeye ni nani; waliuliza ni yupi kati ya wote waliomo ukumbini. Katika Fantômas contre Fantômas, filamu ya nne ya Feuillade, karamu ya vinyago inahudhuriwa na watu watatu waliovaa vazi lile lile jeusi: mhalifu mwenyewe, mwandishi wa habari na polisi. Kabla ya hapo umma umeshuku kwamba Juve ndiye Fantômas. Vazi linaweza kuvaliwa na yeyote, sheria ikiwamo. Kitendawili hiki hakina jibu, kwa maana kila anayevuliwa kitambaa hufichua uso ambao huenda nao ni wa kuazima.

Kwa hiyo, Marekani ilipomchukua Fantômas na kumtia katika mfululizo, mikondo miwili isiyopatana ilikutana. Ndipo umuhimu wa filamu ya 1920 unapojitokeza, na ndipo kupotea kwake kunapouma.

5. Fantomas ya Fox

Kampuni ya Fox, iliyoanzishwa na William Fox mwaka 1915, haikuwa maarufu kwa mifululizo. Ilitoa miwili tu katika enzi ya filamu bubu, yote mwaka 1920: Bride 13 na Fantomas. Wa pili uliongozwa na Edward Sedgwick, ambaye miaka minane baadaye aliongoza The Cameraman ya Buster Keaton. Edward Roseman aliigiza kama Fantomas, Edna Murphy na Johnnie Walker wakawa wapenzi wanaoandamwa na hatari, na sehemu ya mpelelezi ilichukuliwa na John Willard. Huyu wa mwisho anastahili kutajwa zaidi kwa kuwa mwaka 1922 aliandika The Cat and the Canary, tamthilia ya mashaka ambayo nayo inamhusu mtu anayetisha wenzake kwa uso usio wake.

Kisa, kwa mujibu wa muhtasari uliosalia, kinaanza na mapatano. Fantomas anawaandikia wakuu wa sheria kwamba yu tayari kuacha uhalifu iwapo ataachwa kwa amani. Wanakataa. Kwa kulipiza, anamteka nyara Profesa Harrington, mwanasayansi aliyegundua njia ya kutengeneza dhahabu, na kuanzia hapo binti wa profesa, mchumba wa binti huyo na mpelelezi wanahangaika kumwokoa. Sehemu ya kwanza iliitwa On the Stroke of Nine, yaani saa inapogonga tatu: hadithi inafunguliwa kwa miadi na saa ya ukutani.

Tunaweza kusema nini kwa hakika kutokana na haya? Mambo matatu.

Kwanza, uovu umepewa sababu. Fantômas wa riwaya hana haja ya kukataliwa ndipo atende maovu. Fantomas wa Fox anazungumza lugha ya mapatano: ana anachokitoa na anachokidai, na pande mbili zinaposhindwa kuelewana, vita vinaanza. Uhalifu wake wa sehemu zinazofuata unatokana na kukataliwa huko. Kwa kulifanya hivyo, kisa kimeileta dola ndani ya lawama, walau kwa kidole kimoja: watu wa sheria walikuwa na uwezo wa kuzuia yaliyofuata, wakachagua uadilifu. Swali la iwapo sheria iwasikilize wahalifu kwa ajili ya amani ni swali zito, na limo mlangoni mwa hadithi iliyodharauliwa kuwa ya kitoto.

Pili, dhahabu ni matakwa ya muundo. Mfululizo wa sehemu ishirini, unaomtaka mtazamaji arudi kwa takriban miezi mitano, hauwezi kusimama bila kitu kimoja kinachogombewa, kitakachopotea na kupatikana na kupotea tena. Riwaya za Souvestre na Allain hazikuhitaji kitu hicho kwa kuwa kila kitabu kilikuja na uhalifu wake. Profesa na dhahabu yake ni uzi unaoshikilia shanga. Anayelaumu kuongezwa kwa dhahabu kana kwamba ni upungufu wa ubunifu hajatofautisha msururu na mfululizo.

Tatu, orodha ya wahusika inasema mengi. Juve hayumo, Fandor hayumo, wala Lady Beltham, mpenzi wa Fantômas anayeteseka kati ya mapenzi na dhamiri yake, hayumo kwa jina. Mahali pao wamo mpelelezi na wapenzi wa Kimarekani, pamoja na wahusika wasio na majina wanaotambulishwa kwa hadhi tu: Mwanamke wa Mavazi Meusi, mke wa lodi, mtwana mkuu wa nyumba. Si vigumu kuona katika Mwanamke wa Mavazi Meusi kivuli cha Lady Beltham, ambaye katika riwaya ni mjane wa mtu aliyeuawa na Fantômas. Mhusika mmoja, aliyeigizwa na Henry Armetta, mzaliwa wa Italia, alitambulishwa kwa tusi ambalo Wamarekani waliwaitia wahamiaji wa Kiitalia. Hapa hatuhitaji kuiona filamu ili tujue jambo moja kuhusu itikadi yake: mhalifu mkuu alistahili jina na fumbo, mhamiaji hakustahili hata jina.

6. Jinsi kazi ilivyopotea

Filamu za enzi hiyo zilichapwa juu ya mikanda ya nitreti. Nitreti hutoa picha yenye mng'ao, lakini huoza kadiri inavyozeeka na hushika moto kwa urahisi. Ikisha kuwaka hujizalishia oksijeni, na maji hayaizimi. Kemia, hata hivyo, si mshtakiwa wa pekee. Nakala za mfululizo zilizungushwa kutoka kumbi kubwa hadi kumbi za mitaa ya maskini mpaka zikachakaa. Baada ya filamu za sauti kushika soko kuanzia mwaka 1927, filamu bubu zilionekana kuwa mzigo ghalani. Mikanda mingi iliyeyushwa ili kupata fedha iliyomo ndani yake. Aliyeihifadhi filamu aliilipia ghala, na aliyeiyeyusha alilipwa.

Usiku wa manane wa tarehe 9 Julai 1937, ghala ambamo kampuni ya Fox ilikuwa imehifadhi filamu zake huko Little Ferry, New Jersey, liliungua. Joto la kiangazi na uhaba wa hewa vilifanya nitreti iliyokwisha kuoza iwake yenyewe. Zaidi ya mikanda 40,000 iliteketea, na mtoto mmoja wa jirani alifariki kutokana na majeraha. Sehemu kubwa ya filamu bubu za Fox, zikiwemo nyingi za Theda Bara, zilitoweka usiku huo. Kampuni ambayo kazi zake nyingi ziliwekwa mahali pamoja ilipoteza historia yake kwa pamoja.

Lipo jambo jingine linalomhusu moja kwa moja mtu wa fasihi. Kufuatia mabadiliko ya sheria ya hakimiliki ya Marekani mwaka 1912, filamu ziliweza kusajiliwa kama filamu. Maktaba ya Bunge la nchi hiyo, kwa kuhofia moto, iliwarudishia wenye kampuni mikanda yao na kubaki na maelezo ya maandishi. Kwa njia hiyo makavazi ya taifa yalihifadhi maneno yaliyoeleza picha na kuziacha picha zenyewe ziende zake. Utafiti wa David Pierce uliochapishwa na Maktaba hiyo mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu bubu ndefu 10,919 zilizotolewa Marekani kati ya 1912 na 1929, asilimia 14 tu zimesalia katika umbo zilimotolewa. Mifululizo haikuhesabiwa humo, lakini haikuwa na bahati nzuri zaidi. The Perils of Pauline yenyewe, iliyokuwa na sehemu ishirini, inajulikana leo kwa toleo la sehemu tisa lililofupishwa kwa ajili ya watazamaji wa Ulaya.

7. Muhtasari kama shahidi

Wengi walioandika juu ya Fantômas huipita filamu ya Marekani kwa sentensi moja au mbili: ni mwigo hafifu uliompoteza mhalifu wa kweli. Hukumu hiyo inajengwa juu ya kubadilishwa kwa wahusika na kisa. Lakini Feuillade naye alibadilisha. Katika riwaya ya kwanza, Fantômas anayesubiri kukatwa kichwa anabadilishwa na mwigizaji aitwaye Valgrand, na mwigizaji huyo asiye na hatia ndiye anayechinjwa. Katika filamu Juve anagundua hila hiyo mapema, na Valgrand anaokolewa. Tukio la kikatili kuliko yote katika riwaya limelainishwa, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo Feuillade alimharibu Fantômas. Ikiwa mabadiliko hayamhukumu Mfaransa, hayawezi kumhukumu Mmarekani peke yao.

Tufanye jaribio. Tuchukue filamu ya pili ya Feuillade, Juve contre Fantômas, tuifupishe kama vile nayo imepotea. Mpelelezi na mwandishi wa habari wanapigana kwa risasi na majambazi katikati ya mapipa ya mvinyo, na mapipa yanashika moto. Mhalifu anatuma chatu chumbani mwa mpelelezi. Mpelelezi, akiwa ametabiri hayo, analala amejifunga misumari kiunoni na mikononi. Mwishowe nyumba inalipuliwa na mhalifu anatokomea. Au tuchukue filamu ya tatu: Fantômas anavaa glavu zilizotengenezwa kwa ngozi ya mikono ya maiti, ili alama za vidole ziwapeleke polisi kwa mtu aliyekwisha kufa.

Anayesoma muhtasari huu bila kuziona filamu atacheka, na atakuwa na haki ya kucheka. Aliyeziona hacheki. Anakumbuka kamera iliyotulia, mitaa halisi ya Paris yenye mwanga wa kijivu, mwendo wa waigizaji usio na haraka, na jinsi jambo la kutisha linavyotokea katika chumba cha kawaida chenye viti na mapazia. Ubora wa Feuillade haumo katika kisa. Umo katika namna ya kuonyesha, na namna hiyo ndiyo hasa isiyoingia katika muhtasari.

Matokeo ya jaribio ni mazito. Ikiwa mbinu ya kuhukumu kwa muhtasari ingempotosha mhakiki wa filamu za Feuillade, ambazo tunazo, basi hatuna sababu ya kuiamini inapotumika kwa filamu ya Sedgwick, ambayo hatunayo. Hatudai kwamba Fantomas ya Fox ilikuwa kazi bora. Dai kama hilo lingekuwa kosa lile lile lililogeuzwa upande wa pili. Tunadai kwamba ushahidi uliopo unaruhusu kauli kuhusu muundo, kuhusu sababu zinazomsukuma mhusika na kuhusu itikadi iliyomo katika majina, na hauruhusu kauli kuhusu ubora.

Tukumbuke pia kwamba Feuillade hakutukuzwa na wahakiki wote wa siku zake. Wapo vijana, kama Louis Delluc, waliomwona kuwa mfanyabiashara wa hadithi za bei rahisi. Ni kweli kwamba washairi walimpenda mhalifu wake: Guillaume Apollinaire alizisifu riwaya hizo hadharani mwaka 1914, na Robert Desnos alimtungia utungo uliotangazwa redioni mwaka 1933. Lakini heshima ya Feuillade kama msanii ilikuja baadaye, Henri Langlois wa Cinémathèque française alipoziweka filamu zake mbele ya kizazi kipya, na Francis Lacassin alipoandika kitabu juu yake mwaka 1964. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye angeweza kumtetea kama mikanda ingekuwa majivu. Na hata mikanda hiyo haikufika salama yote: filamu ya tano, Le Faux Magistrat, ina mapengo ambayo vibao vya maandishi vimetiwa kuyaziba.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba orodha ya kazi bora tunayoirithi imeandikwa na mikono miwili: mkono wa wahakiki na mkono wa watunza ghala. Mkono wa pili hautajwi katika vitabu vya nadharia. Msomi anayesema kwamba wakati huchuja na kubakiza kilicho bora anausahau moto wa Little Ferry, ambao haukusoma wala kutazama chochote kabla ya kuunguza.

Kwa mhakiki anayekabiliwa na kazi iliyopotea, tunapendekeza utaratibu wa hatua tatu. Atenge kwanza yale yanayojulikana kutokana na umbo la kazi: idadi ya sehemu, mpangilio wake, majina na mahusiano ya wahusika. Atenge pili yale yanayosemwa na mashahidi, awe gazeti, tangazo au mtazamaji, na ampime kila shahidi kwa haja zake. Atenge tatu yale yasiyo na ushahidi, na hayo asiyajaze kwa dharau wala kwa mapenzi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na utaratibu huu. Yeye anajua kwamba ngano iliyonukuliwa daftarini imeacha nyuma sauti, mkono na kicheko cha hadhira, na kwamba kuihukumu kwa maneno yake matupu ni kumhukumu msimulizi asipokuwapo. Vivyo hivyo mtafiti wa riwaya pendwa za Kiswahili, zilizochapwa kwa karatasi nyepesi zikasomwa mpaka zikararuka, anajua jinsi kazi inavyoweza kwisha kwa sababu ilipendwa.

Edward Roseman alijifunika uso mbele ya kamera kwa sehemu ishirini. Tunajua jina lake, tunajua aliandika barua gani kwa wakuu wa sheria, na tunajua walimjibu nini. Jinsi alivyotembea, jinsi alivyogeuza kichwa chini ya kitambaa kile, na iwapo ukumbi ulinyamaza alipoingia, hayo yaliungua. Mhakiki mwaminifu atayaandika ya kwanza na kuyaachia nafasi ya pili, na nafasi hiyo iliyo tupu nayo iwe sehemu ya uhakiki wake.